Mwenye Nyumba ni Nani

9 Februari

Kitinda,

Nakuandikia barua kwa sababu barua haina mtandao wa kukatika. Kwenye simu, kila nikitaja hati ya nyumba, ghafla umeingia kwenye lifti, hunisikii. "Dada? Dada? Haloo?" Halafu kimya. Nikitaja mvua, unanisikia mpaka pumzi. Basi tuandikiane. Karatasi haiingii kwenye lifti.

Nakukumbusha tulipotoka, maana naona umeanza kusahau. Kiwanja alichoniachia marehemu mume wangu nilikiuza. Pesa yote ikaja huko, kwa sababu ni wewe uliyesema: "Dada, huku mgeni akinunua nyumba inayofikia kiwango cha serikali, anapewa kibali cha ukaazi. Anaishi, anafanya kazi, hafukuzwi na mtu, na mzazi wake anaruhusiwa kumfuata." Ukanilainisha nikalainika. Mimi siwezi kumwacha Mama nije kusaini, kwa hiyo nikakupa barua ya uwakilishi, mbele ya wakili, uninunulie. Kwa jina langu. Namba kumi na nne, vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Sasa mwaka umegeuka. Hati iko wapi? Kibali changu kiko wapi?

Mwenye nyumba wa hapa anataka vyumba vyake. Anapita kila asubuhi anaguna kama gari bovu. Umri wangu huu bado naulizwa na mtoto wa watu kwa nini nimegonga msumari kwenye ukuta wake. Nataka mlango ambao ufunguo wake unakaa kwangu mimi tu. Hilo tu, Kitinda. Sijaomba ikulu.

Na unipimie madirisha. Mimi mshona mapazia siwezi kuingia kwangu madirisha yakiwa uchi. Pima kuanzia fimbo ya pazia inapokaa mpaka sakafuni. Usipime kioo. Narudia: usipime kioo. Nakujua.

Mama anakusalimu. Anasema uvae sweta.

Dada yako

*

24 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika ikiwa bado ya moto, nimeishika kwa ncha za vidole.

Nyumba yako ni nzima. Wiki hii napaka rangi chumba cha mbele, nyeupe inayoelekea maziwa, utaipenda. Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha, nimebadilisha koki. Si unajua fundi bomba akisikia tone hawezi kutulia. Mimi bado nalala bwenini na wenzangu wa kazini, kwako napita tu kufungua madirisha ipate hewa.

Kuhusu kibali, ofisi za huku zina taratibu zake. Unapeleka karatasi, wanakwambia leta nyingine. Ukiileta, yule aliyeitaka yuko likizo. Mwanasheria anasema faili liko mezani. Tuvute subira kidogo, Dada. Vitu vizuri vya serikali haviendi mbio.

Vipimo vya madirisha viko nyuma ya karatasi hii.

Mwambie Mama sweta ninavaa. Mwambie bado nakula kingo za mkate kwanza, zile ngumu alizokuwa ananikatia pembeni, wewe unanuna.

Mdogo wako,
Kitinda

*

12 Machi

Kitinda,

Faili liko mezani. Meza gani hiyo, imetengenezwa na seremala gani, inayobeba faili mwaka mzima isivunjike mguu?

Shikamoo yako nimeiweka kando. Marahaba utaipata siku nikishika hati.

Mapazia nimeshona, nimeyatuma na mteja wangu mmoja anayesafiri huko. Kitambaa kizito, rangi ya majani makavu, bitana ndani. Sijawahi kumshonea mtu pazia lenye bitana bila kumlipisha, na hili nimejishonea mwenyewe, kwa hiyo usiniguse.

Cherehani kubwa zote mbili zimeshauzwa. Ulisema nisichelewe, nijiweke tayari. Nimejiweka tayari mpaka nimebaki na ile ndogo ya mkono. Wateja waliniaga, wakanipa na leso. Sasa nikipita sokoni wananishangaa, "Hee, bado upo?" kama maiti aliyerudi kuchukua miwani yake.

Nina ombi moja. Nisimulie siku ya kusaini. Mlikaa wapi, nani alikuwepo, jina langu lilisomwaje. Nisimulie yote. Mama anataka kusikia, nitamsomea.

Dada yako

*

30 Machi

Dada,

Shikamoo, hata kama unaiweka kando.

Haya, mkalishe Mama vizuri umsomee. Ofisi ina mlango wa kioo unaofunguka wenyewe, mtu ukiwa na mawazo unaweza kuukwepa ukidhani unakurukia. Karani ni mama mmoja mnene, sauti ya taratibu, miwani ya kamba. Alilisoma jina lako lote, lako, la Baba, la Babu. La Babu akalikosea, nikamrekebisha, tukacheka. Akauliza, "Dada yako mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia anamtunza mama yetu. Akasema una bahati kuwa na ndugu kama mimi. Nikatazama chini. Nikasaini kwa niaba yako, muhuri ukagongwa, wakatuletea chai.

Mapazia yamefika. Nimeyatundika. Yamekaa kama yamezaliwa hapo.

Kibali hakiko mbali sasa. Nakuahidi.

Mdogo wako,
Kitinda

*

15 Aprili

Kitinda,

Nimesoma. Umesimulia vizuri sana, mpaka jina la Babu lilivyokosewa. Una kipaji, kimepotelea bure kwenye mabomba.

Sina la kuuliza tena.

Dada yako

*

4 Mei

Dada,

Ulipokuwa unanitukana nilikuwa napumua. Lile neno lako, kwamba huna la kuuliza tena, limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Naenda kazini nalo, narudi nalo.

Nimekaa sakafuni sebuleni, mgongo ukutani, chini ya mapazia yako. Ndiyo, sebuleni. Sikupita kufungua madirisha. Naishi humu. Bweni lilifungwa zamani. Nalala chumba cha nyuma, nguo zangu ziko kwenye kabati ulilolichagua wewe kwenye picha.

Hakuna faili mezani. Hakuna mama mnene mwenye miwani ya kamba. Chai hatukupewa. Karani alikuwa kijana mwembamba mwenye mafua, anataka kwenda kula, anapiga chafya juu ya karatasi zetu.

Nikueleze ilivyokuwa. Wiki ile bosi alituita stoo, akapanda juu ya kreti la viungo vya bomba, akasema kampuni inafungwa. Mkataba ukiisha, na vibali vyetu vya kazi vimeisha. Wenzangu walianza kufunga mabegi siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa na miadi yako ya kusaini kwenye ofisi ya hati. Nikavaa koti langu zuri. Barua yako ya uwakilishi niliiweka mfuko wa ndani, na nilipokaa kwenye kiti niliisikia ikinikwaruza kifuani.

Karani akauliza, hata kichwa hakuinua: "Mwenye nyumba ni nani?"

Nikasema: "Mimi."

Nilitaka kukuandikia kwamba neno lilinitoka bila kutaka. Nimeifuta sentensi hiyo. Nililijaribu mdomoni tangu nilipotoka bwenini, njia nzima. Mimi. Mimi. Nilikuwa naona kama litasikika vipi. Karani akaandika, akapiga chafya, akageuza ukurasa. Nilingoja kitu kitokee. Hakikutokea kitu. Nikapewa risiti na kalamu ya bure.

Nikajiambia nitalishika kidogo tu, nikipata kazi nyingine nikurudishie jina lako. Kazi nilipata mapema, nafunga mabomba ya hospitali. Sikurudisha. Kila mwezi nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na mantiki yake. Lakini sababu ya kweli ni hii, Dada, na inanitia aibu kuliko wizi wenyewe: niliupenda ufunguo. Chini pale pa kuingilia kuna visanduku vya barua, na kimoja kina jina langu. Asubuhi nashuka kukitazama hata kama najua hakuna barua. Nimetengeneza nyumba za watu tangu ujana. Najua bomba linapita wapi nyuma ya kila ukuta, na ukuta haujawahi kuwa wangu. Nikawa mwenye nyumba. Kwa kiwanja cha shemeji yangu aliyenilipia ada ya ufundi.

Na mapazia ni mafupi. Nilipima kioo. Yanaishia katikati ya ukuta kama suruali ya mtoto aliyerefuka. Nilikwambia yamekaa vizuri kwa sababu kwa wakati huo nilishazoea kukwambia hivyo kwa kila kitu.

Niambie nifanye nini.

Kitinda

*

22 Mei

Bwana Mwenye Nyumba,

Nilijua.

Nilijua tangu Januari. Nilichoka na mtandao wako unaokatika, nikavaa nguo zangu za kanisani, nikaenda mwenyewe kwenye ubalozi wao hapa mjini na bahasha yangu. Binti wa dirishani akabonyeza, akabonyeza, akanigeuzia kioo cha kompyuta nione. Akasema kwa upole, "Mama, wewe huna nyumba kule. Nyumba hii ina mwenyewe." Nikaona jina lako. Nikamwambia asante. Nilipofika nje nikakuta nimeshika kalamu yao, nimeondoka nayo. Kumbe ukoo wetu tuna mkono huo.

Sikukwambia. Nilitaka kuona utafika wapi. Nikakupa kamba, nikakuuliza habari ya siku ya kusaini, nikasema moyoni, hapa ataona haya, hapa ataanguka. Ukaniletea mama mnene! Ukaniletea na chai! Ukasema nina bahati kuwa na ndugu kama wewe. Nilikaa na karatasi ile mapajani mpaka Mama akaniuliza nani kafa.

Mapazia niliyashona najua. Lile la sebuleni nililishona najua linakwenda kukusitiri wewe. Nilishona hivyohivyo. Sijui kwa nini. Usijipe jibu zuri.

Sasa na mimi nikupe langu. Zile salamu za Mama nilizitunga. Mama hajakutumia salamu tangu mwaka juzi. Hakuchukii, ni akili imechoka. Mimi ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Wewe, kwa Mama, ni mtoto wa shule. Jioni anasimama mlangoni anauliza kwa nini Kitinda hajarudi. Ukimtoa nje ya vyumba hivi viwili anapiga kelele kama anatekwa. Daktari amesema asihamishwe, labda aje kuhamishwa mara moja tu, na hiyo unaijua.

Kwa hiyo mpango wetu wa mimi na Mama umekufa. Imebaki hivi. Mimi nimemwosha, nimemlisha, nimemfuata barabarani bila viatu miaka yote hii, wewe ukiwa unavaa sweta. Zamu yako. Utanipa jina langu, utarudi, utakaa na Mama, na mimi nitakwenda kukaa kwangu.

Umeniuliza ufanye nini. Ndiyo hivyo.

Dada yako

*

10 Juni

Dada,

Nimesoma mara nyingi nikitafuta mahali pa kukujibu kwa heshima. Sijapaona, kwa hiyo nisamehe.

Mimi ni mwongo, sawa. Na wewe je? Miaka miwili unaniambia "Mama anasema uvae sweta", nikiomba kuongea naye kwenye simu amelala, kumbe Mama hajui kama nimezaliwa nikakua! Nilikuwa namnunulia mitandio. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kumsimulia habari za huku, peke yangu, napika huku nasema. Ulininyima mama yangu ili unione nadanganya? Mimi nilikuibia nyumba. Wewe umeniibia nini, hebu kipe jina.

Haya. Nimekwenda kwa mwanasheria. Kuuza kabla ya muda hairuhusiwi, lakini kumpa ndugu wa damu inaruhusiwa. Jina likitoka kwangu, kibali changu kinakufa siku hiyohiyo, napewa mwezi mmoja niwe nimeondoka. Nikamuuliza, tukiandikwa wawili? Akacheka. Nusu yako haifiki kiwango, nusu yangu haifiki, tunakosa wote. Nikamuuliza, dada akiwa mwenye nyumba, anaweza kunialika? Mume, watoto, wazazi. Ndugu hayumo. Yaani wanamjua shemeji kabla ya kunijua mimi.

Hapa nina kazi ya kudumu. Huko nitakuja kuwa nani? Mtu wa miaka hamsini kasoro, na spana zake, anaanza kugonga milango ya watu kuuliza kama choo kinavuja. Nakuomba mwaka mmoja. Nitamlipa mtu wa kumtunza Mama, mtu mzuri, wewe pumzika. Mwaka mmoja, halafu nakupa jina lako. Dada, mimi ni damu yako.

Kitinda

*

27 Juni

Hapana.

Damu unaikumbuka leo. Kwa karani ulikuwa huna.

Hujui kama Mama anamkubali "mtu mzuri" kumvua nguo. Nitakwambia mimi: hamkubali. Mmoja alimng'ata.

Umeuliza nilikuibia nini. Nilikuwa nakutungia salamu kwa sababu sikutaka uje umwone alivyo halafu ulie, halafu nianze kukubembeleza wewe badala ya kumfulia Mama. Mnajua sana kulia, nyinyi mnaokuja kwa wiki mbili. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Baadaye, ndiyo, nilifurahia kukunyima. Nimekipa jina. Umeridhika?

Mwenye nyumba amepata mpangaji mwingine wa chumba changu cha kushonea. Amehamishia kitanda humo jana, mimi nimo, nakunja vitambaa. Amebakiza kile cha Mama tu, kwa huruma, anavyosema yeye.

Mwaka mmoja ulishauchukua. Hakuna wa pili.

*

18 Julai

Dada,

Nimesaini leo asubuhi.

Ni yule kijana yuleyule, safari hii hana mafua. Hakunikumbuka. Nilikuwa nimemchukia mwaka mzima kama vile yeye ndiye aliyeniuza, na yeye hanijui. Akauliza vilevile, kichwa chini: "Mwenye nyumba mpya ni nani?" Nikataja jina lako, la Baba, la Babu. La Babu alilikosea kweli. Nikamrekebisha. Sikucheka.

Hapo hapo wakakata kadi yangu ya ukaazi kwa mkasi, pembe moja, kama wanavyokata tiketi. Wakanirudishia. Sijui ya nini.

Jina langu nimelitoa mwenyewe kwenye kisanduku cha barua. Lako nimelichapisha nikalibandika. Limekaa sawa, nimelipima kwa rula.

Koki ya bafuni inafungwa kulia, siyo kushoto, aliyeifunga mwanzo alikuwa chizi. Bomba la maji ya moto likigonga ukuta, ni hewa, fungua la jikoni kwanza. Funguo zote mbili naja nazo. Sikuchonga wa tatu. Wazo lilinijia, nakwambia ukweli, nikapita mbele ya duka la fundi funguo nikapunguza mwendo. Sikuingia.

Nafika kabla mwezi haujaisha.

Kitinda

*

2 Septemba

Kitinda,

Nimefika. Ufunguo umeingia. Nilifunga kwa ndani, nikafungua, nikafunga tena. Jirani akachungulia akidhani mlango umeharibika. Nikamwambia, "Hapana, ni wangu tu."

Kadi yangu imetoka. Kwenye picha nafanana na mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Mwizi ni wewe, sura ya mwizi nimepewa mimi.

Usidhani nimesahau zile siku mbili tulizokaa pamoja hapo nyumbani. Ulikuwa unanifuata kila kona na macho yako ya mbwa aliyemwagiwa maji. Nilikuonyesha chumvi ilipo, dawa zilipo, beseni lilipo. Ulitaka nikuonyeshe na msamaha ulipo. Sina. Nilitafuta kwenye mabegi hata huku, sikuupakia.

Mapazia nimeyaona. Jua linaingia chini yake kila asubuhi linanigonga usoni. Mtu mzima, fundi, anaambiwa pima mpaka sakafuni, anapima kioo! Nimefumua pindo, haikutosha. Nyuma ya mlango uliacha ovaroli lako la kazi, lile la bluu. Nimelikata miguu, nimeunganishia chini ya mapazia yote. Usijipe moyo. Kitambaa kile ni kigumu na kizito, kinalivuta pazia likae wima, basi. Kwa mbali linaonekana kama nilikusudia.

Nimepata kazi kwa mtu wa samani, namshonea makava ya viti. Hasemi sana. Nampenda kwa hilo.

Sasa nisikilize. Umeniandikia barua mbili tangu nifike, na zote mbili zimejaa "nisamehe Dada, mimi mkosaji, Dada, sistahili". Nimekunja, nimeweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Zimefaa. Lakini sijui kama Mama amelala vizuri. Sijui kama anakubali umwoshe kichwa. Sijui kama ile miguu imevimba. Nimekaa na mwanamke yule maisha yangu yote, na mtu aliye naye sasa ananiandikia habari zake mwenyewe!

Usiniandikie samahani. Niandikie amekula nini.

Marahaba bado ninayo. Usiniulize.

Dada yako

*

20 Septemba

Shikamoo Dada,

Amekula mkate vipande viwili na chai nusu kikombe. Yai hajaligusa, alisema linamtazama. Mchana alikula supu yote, akaomba nyingine, nilipoileta akasema hajawahi kula supu maishani.

Miguu haijavimba. Kichwa ananikubalia nimwoshe, kwa sharti nisimguse sikio la kushoto. Nadhani ulilijua hilo, hukuniambia. Siku ya kwanza nilipigwa kwa kopo.

Hanijui. Siku ile uliyoondoka, koki ya jikoni ilivuja, nikalala chini na spana kuifunga, Mama akaingia akanikuta. Tangu hapo mimi ni fundi. "Fundi, bado hujamaliza?" Ndiyo, Mama, bado. Nimemwambia mara kadhaa mimi ni nani. Mara moja nilimwambia yote, ya karani na ya kiwanja chako, nilitaka angalau mmoja wenu anichape. Alisikiliza vizuri sana. Akasema, "Pole fundi. Huyo mtu ana mama?"

Jioni anasimama mlangoni kama ulivyosema. Jana akaniuliza, "Fundi, wewe unapita njia nyingi. Hujamwona kijana wangu? Anachelewa." Nikamwambia nimemwona, yuko njiani. Akanisogelea, akanong'ona: "Ukimwona mwambie aingie mlango wa nyuma. Dada yake ana hasira naye leo."

Nikamwambia nitamwambia.

Mwenye nyumba amepita asubuhi, ameguna. Nimemzibia bomba la uani, ameguna kidogo.

Nimesahau jambo moja la chakula, na umesema niandike chakula. Ule mkate, Mama alikata kingo zote ngumu, akazipanga pembeni ya sahani. Nilipokuja kuondoa vyombo akaisukuma sahani kwangu. Akasema, "Chukua haraka, fundi, kabla dada hajarudi."

Nilizila zote nimesimama.

Kitinda